Mdakaji wa Kivaa

SEHEMU YA KWANZA

Lori lilifika Kivaa kabla jua halijashika kilima, na dereva akashuka tayari amekasirika. Matofali yalitakiwa Matuu kabla ya adhuhuri. Tanuri letu lilikuwa limefunguliwa jana yake na bado lilikuwa na moto tumboni.

"Wapakiaji ni wangapi?" akauliza.

"Watano," nilimjibu. "Na Dada."

"Dada ndiye wa chai?"

"Dada ndiye wa kudaka."

Akacheka. Hakucheka kwa muda mrefu.

Asiyewahi kupakia matofali huona ni kazi ya nguvu tu. Walioko chini huyarusha mawili mawili, yameshikana. Aliye juu ya lori huyapokea hewani, huyapanga, na kabla hajainuka vizuri mengine yako njiani. Mikono ikikakamaa, tofali huchuna ngozi. Ikilegea, tofali hupita na kuponda mguu. Lazima uifuate kasi yake, urudi nyuma nalo kidogo, ndipo ulishike. Dada alikuwa na umri wa miaka 17, shule zilikuwa zimefungwa, na hakuna mwanamume pale tanurini aliyeifanya kazi hiyo kumshinda.

Mimi nilikuwa karani. Nilikaa juu ya jiwe na daftari, nikichora vistari vinne na cha tano cha kukatiza. Ukurasa mmoja ulikuwa wa yaliyopakiwa, mwingine wa yaliyoanguka. Ukurasa wa pili ulikuwa mweupe.

Mjomba alikuwa ameketi chini ya mwembe akitazama. Alikuwa amerudi wiki hiyo kutoka Indianapolis, Marekani, baada ya zaidi ya miaka kumi. Tulitarajia masanduku. Alikuja na mkoba mmoja wa turubai ya kijani, akaulaza chini ya kitanda chake na kutukataza kuugusa. Mama, dada yake, alikuwa ameenda kwa shangazi Kitui na alitarajiwa jioni ile.

Lori lilipojaa, Mjomba aliinuka akanijia.

"Ameangusha mangapi?"

Nikamwonyesha ukurasa mweupe. Aliutazama kwa muda, kisha akaenda nyumbani bila neno. Aliporudi alikuwa ameshika kitu cha ngozi ya kahawia, kimechongoka pande mbili, kina uzi mweupe wa kushonea mgongoni.

"Shuka," alimwambia Dada. "Simama pale penye zizi la ng'ombe. Nikirusha, kimbia."

Akarusha. Kile kitu kilikwenda kikizunguka, juu kuliko nilivyodhani mkono wa Mjomba ungeweza, kikampita Dada. Alikuwa akikimbia amekipa mgongo. Alinyoosha mikono mbele, akageuza viganja juu, na kikatua ndani yake. Hakukikumbatia kifuani. Alikidaka kwa vidole.

Wapakiaji wakashangilia. Mjomba akaketi chini kwenye vumbi, akafunika uso.

* * *

Usiku ule, tukingoja Mama, Susu, nyanya yetu, alichambua mbaazi na Mjomba akatueleza.

"Kuna mtu anaitwa Jerry Rice. Amezaliwa 1962, akakulia Crawford, kijiji cha jimbo la Mississippi. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali. Likizo zikifika, watoto walimsaidia. Ndugu zake walikuwa wakimrushia matofali kutoka chini, naye yuko juu ya jukwaa, anadaka."

Dada akaacha kula.

"Huko Marekani wana mpira wao," Mjomba akaendelea. "Mmoja anarusha, wengine wanamlinda, na wako wanaokimbia mbele na pembeni ili waudake. Huyo wa pembeni kazi yake ni kumtoroka anayemfuata, kuudaka, na kukimbia nao mpaka eneo la mwisho. Akifika, hiyo ni tachidauni. Na katika wote waliowahi kuifanya kazi hiyo, hakuna aliyefikia Rice. Alicheza misimu ishirini. Alidaka mara 1,549. Tachidauni za kudaka, 197. Ukijumlisha na nyingine zote, 208. Yadi alizopata kwa kudaka ni 22,895."

Nilizoea hesabu za lori, lakini hizo zilinishinda kuziona. Nikachukua daftari. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo. Nikapiga, nikarudia. Ilikuja karibu kilomita 21.

"Hiyo ni nusu marathoni," nikasema.

Kila mtu wa Machakos anajua marathoni. Patrick Makau, mwana wa kaunti yetu, aliivunja rekodi ya dunia kule Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Lakini Makau hakuna aliyekuwa akimrukia miguuni. Kilomita zile za Rice zilipatikana kipande kwa kipande, yadi kumi hapa, kumi na tano pale, na mwisho wa karibu kila kipande palikuwa na mwanamume mzito aliyelipwa kumwangusha. Mpaka leo naamini hakuna namba katika michezo inayostahili heshima kuliko ile.

"Na wa pili wake?" Dada akauliza.

"Larry Fitzgerald. Yadi 17,492."

Nikatoa. Pengo lilikuwa yadi 5,403. Wapo wachezaji wazuri wanaostaafu bila kulifikia hilo pengo peke yake.

"Basi alikuwa na mbio sana," Dada akasema.

"Hapo ndipo ilipo habari." Mjomba akasogeza kigoda. "Hakuwa nazo. Alisoma chuo kidogo, Mississippi Valley State. Wapimaji walipomwekea saa, walisema wako wengi wanaomshinda kwa kasi. Mwaka 1985 watu wengine 15 walichaguliwa kabla San Francisco 49ers hawajamchukua. Kwa hiyo alitafuta mlima. Uko San Carlos, California, njia yake ni kama kilomita nne, na alikuwa akiukimbia wakati wenzake wako likizo. Na kwenye mazoezi, akidaka mpira, hata ikiwa ni pasi ya kupasha mwili tu, hakuurudisha hapo hapo. Alikimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Kila mara."

Dada aligeuza uso kuelekea gizani, kilima cha Kivaa kilipokuwa.

"Kwa nini unatuambia haya, Mjomba?"

"Kwa sababu mchezo huo sasa una ndugu yake mdogo. Watu watano kwa watano, hakuna kuangushana. Kila mmoja ana vibendera kiunoni, ukikichomoa cha mwenye mpira amesimamishwa. Oktoba 2023 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliuingiza kwenye michezo ya Los Angeles ya 2028. Wanaume na wanawake. Na Jumamosi ijayo kuna majaribio ya wasichana Nairobi."

Susu aliweka ungo chini. Hakuna aliyesema kitu. Ndipo tukasikia pikipiki ikizima injini nje, na sauti ya Mama akimlipa mwenye bodaboda.

Aliingia na kikapu kichwani, uso umejaa tabasamu la kumwona kaka yake baada ya miaka yote ile. Tabasamu lile lilifika katikati ya chumba. Macho yake yalikuwa yameangukia mkoba wa kijani uliokuwa wazi miguuni pa Mjomba.

Kikapu kilianguka. Viazi vikatawanyika mpaka mlangoni.

"Kaka," akasema polepole. "Mkoba huo niliushona mimi. Mume wangu aliondoka nao 2012. Uliniambia kwa simu hujui aliko. Umeutoa wapi?"

SEHEMU YA PILI

Mjomba hakujibu. Alivaa koti, akatoka, na tulimsikia akizunguka jikoni mpaka usiku wa manane. Mama alilala na mkoba mikononi.

Baba alipoondoka nilikuwa bado sijaanza kutembea. Nilichokuwa nacho ni picha moja ukutani, mwanamume mrefu mwenye kovu juu ya jicho. Dada alikuwa na zaidi. Alikumbuka sauti. Kwa kuwa alipewa jina la Susu, Baba hakumwita kwa jina. Alimwita Mwaitu, mama yangu, kama wanavyofanya kwetu, na tangu aondoke Dada hakumruhusu mtu mwingine yeyote amwite hivyo.

Alfajiri Mama alinikabidhi kitu alichokikuta ndani ya mkoba. Lilikuwa daftari.

"Wewe ndiye msomaji wa namba. Nisomee."

Mwandiko ulikuwa wa Baba, ule ule ulioko nyuma ya picha. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe moja.

"Desemba 9, 1985," nikasoma. "Msimu wa kwanza. Anaangusha mipira, mashabiki wanamzomea uwanjani kwake. Usiku huu dhidi ya Rams anadaka 10, yadi 241. Hawajamzomea tena."

Mama alitikisa kichwa. Nikageuza.

"1987. Mgomo umefupisha msimu. Amecheza mechi 12 tu, tachidauni 22 za kudaka." Nikageuza tena. "Septemba 5, 1994, dhidi ya Raiders. Alihitaji mbili kumfikia Jim Brown mwenye tachidauni 126. Amepata tatu."

"Umeruka moja," Mama akasema.

Nilirudi. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana. "Januari 22, 1989, Miami. Super Bowl dhidi ya Bengals. Amedaka 11, yadi 215, ndiye mchezaji bora wa fainali..."

"Lakini pasi ya mwisho hakudaka yeye," Mama akamalizia, macho amefumba. "Walikuwa nyuma kwa pointi tatu, wamebakiza dakika tatu na kidogo, na yadi 92 mbele yao. Walipokaribia, Joe Montana, mrushaji wao, alijua kila mtu atamkimbilia Rice. Rice akapita upande mmoja akawavuta, na mpira ukaenda kwa John Taylor. Wakashinda 20 kwa 16. Baba yenu alinihadithia hiyo kwa simu usiku mzima. Alisema, siku moja nitakuwa kama Rice katika pasi ile, nitakaa mbali ili wengine wapate. Sikumwelewa. Nilidhani ni habari za mpira."

Mlango ulikuwa nusu wazi. Dada alikuwa amesimama hapo, viatu mkononi, jasho likimtiririka, majani makavu yamemnasa magotini. Alikuwa ametoka kilimani.

Mama alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Hutaenda Nairobi," akasema.

* * *

Wiki ile kilima cha Kivaa kilimjua Dada. Aliondoka kukiwa bado na nyota, akarudi wakati wengine wanachota maji. Mama alimwona na hakumzuia kukimbia. Alimkataza Nairobi tu. Mjomba hakumsemesha Mama kuhusu mkoba, na Mama hakuuliza mara ya pili. Walipishana uani wakisalimiana kama majirani wasioaminiana. Mara mbili nilimkuta Mjomba nyuma ya zizi akiongea kwa simu kwa sauti ya chini. Mara zote mbili nilisikia maneno yale yale: "Bado. Ngoja Jumamosi."

Jioni alimfundisha. Alimrushia mpira jua likiwa machoni, alimrushia nikiwa nimesimama mbele yake napunga gunia, alimrushia akiwa ameshalemewa na uchovu. Kosa moja tu lilimkasirisha: Dada akianza kutazama pa kukimbilia kabla mpira haujatulia mikononi.

"Macho!" alipiga kelele. "Mpaka uuone umeingia. Atakayekuangusha, mwache aje. Anayekushangilia, mwache ashangilie. Rice alidaka angalau pasi moja katika mechi 274 mfululizo. Unafikiri katika mechi zote hizo hakuna aliyemwita jina?"

Kisha akamweleza kuhusu Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, ambaye Indianapolis Colts walimchukua mwaka 2013 akiwa hajawahi kuucheza mpira ule hata siku moja. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika ligi kubwa ya mpira ule.

"Tulikuwa mbele ya televisheni," Mjomba akasema. "Sisi wawili. Tulilia kama tumefiwa."

"Sisi wawili na nani?" Dada akauliza.

Mjomba aliokota mpira akarusha, na rusho lile lilikwenda ovyo, mbali sana na Dada.

Ijumaa lori lilirudi. Dereva sasa alimsalimu Dada kwa heshima, akasema anashusha mzigo Nairobi kesho yake na kwenye kabini nafasi ipo. Kazi ilikuwa imebakia kidogo. Nilikuwa nachora vistari vya safu ya mwisho Mama alipotokea tanurini akiwa amebeba uji. Mpakiaji mmoja akageuka kumpokea huku mkono wake ukiwa umeshaachilia. Tofali lilitoka peke yake, pembeni, kwa mzunguko mbaya.

Dada alilidaka. Niliona akilidaka. Lakini lilimkuta kidole cha kati cha mkono wa kulia kikiwa kimenyooka, na mlio wake niliusikia kutoka kwenye jiwe langu.

Kidole kilivimba usiku ule mpaka kikang'aa. Susu alikifunga pamoja na chenzake kwa kitambaa na kipande cha mti. Mjomba aliketi amejiinamia.

"Agosti 31, 1997," akasema, kana kwamba anasoma daftari. "Rice alikuwa amecheza miaka kumi na miwili bila kukosa mechi kwa jeraha. Siku ile kano za goti zikakatika. Desemba akarudi, mapema kuliko walivyotaka madaktari. Akadaka tachidauni. Alipoanguka chini kifuniko cha goti kikapasuka. Kuna kurudi kwa ujasiri na kuna kurudi kwa pupa. Sitamwambia mtoto wa mtu aende."

Kimya kilikuwa kirefu. Aliyekivunja ni Mama.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo?"

"Alipona, akafanya nini? Daftari halijafika huko."

Mjomba aliinua kichwa. "Alicheza misimu saba mingine. Akiwa na miaka 40 alicheza Super Bowl akiwa upande wa Raiders, akapata tachidauni. Mwaka 2010 wakamweka kwenye jumba lao la mashujaa."

Mama alimwendea Dada, akaushika mkono uliofungwa, akaugeuza mwangani.

"Vidole vinne vinatosha kwa kesho," akasema. "Nami nitakuja. Kuna kitu Nairobi ambacho kaka yangu anakiogopa, na nataka kukiona."

* * *

Uwanja ulikuwa umejaa wasichana wenye viatu vipya. Dada alivaa raba za shule. Wasimamizi waliuona mkono wake wakanong'ona, lakini walimruhusu kwa masharti: marusho matatu, kama wengine wote.

La kwanza lilimgonga kitambaa likaanguka. Ukurasa wangu mweupe ukapata kistari chake cha kwanza.

La pili alilidaka kwa mkono wa kushoto, akalibana ubavuni, na badala ya kusimama akakimbia nalo mpaka mwisho wa uwanja, peke yake, hakuna anayemfuata. Mwalimu mwenye filimbi alimtazama mwendo wote ule, kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"La tatu!" akaita. "Ndefu!"

Mama alikuwa kulia kwangu. Nilipogeuka kumtafuta Mjomba, hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya uwanja, kwenye mstari wa kushoto, amemshika mkono mwanamume mrefu anayetembea kwa gongo. Mwanamume yule alitutazama. Juu ya jicho lake palikuwa na kovu.

Mama hakupiga kelele. Vidole vyake tu viliingia begani mwangu.

Mpira ulirushwa. Ulikuwa wa juu, mzuri, unaingia kutoka upande wa jua. Dada alikuwa tayari mbio, anaelekea mstari wa kushoto, uso ameuinua, mikono inaanza kufunguka. Hatua kumi. Hatua tano. Mwanamume aliangusha gongo lake, akafungua kinywa, na sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani ikavuka uwanja mzima:

"Mwaitu!"

Mpira ulikuwa umeanza kushuka. Dada akageuza macho.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO